Barua ya wazi kuhusu somo la mwanga na rangi katika shule zetu

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa wakuu wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Kwa Baraza la Mitihani, KNEC. Na kwa wasimamizi wa kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi, CEMASTEA, kilichoko Karen.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia nikiwa mwalimu wa Sayansi Jumuishi katika sekondari ya msingi ya umma hapa Nairobi. Somo la mwanga na rangi tunalifundisha kama somo la kuchora na kukariri, ilhali ni miongoni mwa mada chache za sayansi ambazo vifaa vyake vinapatikana hata katika shule isiyo na maabara. Mwanafunzi huchora pembetatu ya kioo ambayo hajawahi kuishika, akapitisha mstari mmoja upande wa kushoto na mistari saba upande wa kulia, akataja majina ya rangi kwa mpangilio, akapata alama zake na kufunga daftari. Ombi langu ni kwamba mada hii ianzie kwenye mambo ambayo mtoto anaweza kuyaona mwenyewe, na kwamba anapotahiniwa apewe alama kwa kile alichokiona na kukitolea hoja, hata pale kinapotofautiana na orodha ya kitabu.

Ombi hili halipingani na mtaala. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ahadi yake kuu ilikuwa kwamba mtoto atajifunza kwa kutenda. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walipoanza mwaka 2023, waliwekwa katika shule za msingi ambazo nyingi hazikuwa zimejengewa maabara, na walimu waliotumwa kuwafundisha walikuwa wamesomea masomo mawili, pengine Biolojia na Kemia, kisha wakakabidhiwa na Fizikia juu yake. Hayo wengine wameyasema vya kutosha, nami sitayarudia. Nayataja kwa sababu ndiyo yanayomfanya mwalimu akimbilie mchoro wa kitabu: hana chumba, hana kifaa, na wakati mwingine hana uhakika.

Naomba nianze na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowachanganya watoto wetu kuliko yote. Katika somo la sanaa mtoto huambiwa kwamba rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu, na kwamba akichanganya manjano na buluu atapata kijani. Huo ni ukweli, na anaushuhudia kwenye karatasi yake. Siku nyingine, katika kompyuta au katika fizikia, anaambiwa kwamba rangi za msingi ni nyekundu, kijani na buluu, na kwamba nyekundu ikikutana na kijani matokeo ni manjano. Huo pia ni ukweli. Walimu wawili wa shule moja, pengine katika wiki moja, wamempa kanuni mbili zinazoonekana kukanushana, na hakuna ukurasa wala kipindi kilichotengwa kuzipatanisha. Mtoto mwerevu akiuliza, hujibiwa kwamba ile ni ya sanaa na hii ni ya sayansi. Jibu hilo ni baya kuliko kutojibu, kwa maana linamfunza kwamba ukweli hubadilika kengele ya kipindi inapolia.

Maelezo yenyewe hayana ugumu. Rangi ya kupaka haitoi mwanga. Kazi yake ni kunyang'anya sehemu ya mwanga unaoiangukia na kurudisha sehemu iliyobaki, kama chungio linavyobakiza majani na kuachia chai. Rangi ya manjano hufyonza zaidi sehemu ya buluu na kurudisha nyekundu na kijani. Ile ya buluu ya wachoraji hufyonza zaidi nyekundu na kurudisha buluu na kijani. Zikichanganywa, kinachosalimika kutoka kwa zote mbili ni kijani. Kila unapoongeza rangi nyingine kwenye mchanganyiko unaongeza kinachofyonzwa, ndiyo sababu mtoto anayechanganya kila kitu kwenye kisahani huishia na rangi ya matope. Taa nazo hufanya kinyume chake, kwa kuwa kila taa unayoiongeza huongeza mwanga, na nyekundu, kijani na buluu zikiangukia ukuta mmoja kwa kiasi kinachofaa, ukuta huonekana mweupe. Kuhusu hizo rangi tatu za sanaa, hata wachapishaji wa River Road hawazitumii jinsi tunavyozifundisha: fungua printa ya saiba yoyote mjini uone kwamba katriji zake ni za sayani (buluu-kijani), majenta (nyekundu-zambarau), manjano na nyeusi, kwa sababu hizo tatu za kwanza ndizo zinazofyonza nyekundu, kijani na buluu mtawalia kwa usahihi zaidi. Kipindi kimoja cha pamoja kati ya mwalimu wa sanaa na mwalimu wa sayansi kingemaliza mgogoro huu wote.

Tena kipindi hicho hakihitaji fedha nyingi. Tone dogo la maji likidondoshwa kwenye kioo cha simu kilichowashwa huwa lenzi, na ndani yake, mahali ambapo skrini inaonekana nyeupe, vitaonekana vijidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu vimepangwa ubavu kwa ubavu. Mtoto akihamishia tone kwenye sehemu ya manjano ya picha, atakuta vijidoa vya buluu vimezimika na hakuna kijidoa hata kimoja cha manjano. Manjano ile iko wapi, basi? Ni swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuyaona kwenye karatasi za mtihani, na linamwongoza moja kwa moja kwenye jicho lake mwenyewe, ambamo seli za koni ni za aina tatu, kila aina ikiitikia zaidi sehemu fulani ya mwanga. Mwanga mwekundu na wa kijani ukiingia pamoja, ubongo hupokea ishara ileile ambayo ungeipokea kutoka kwa manjano halisi. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alikisia aina hizo tatu mwaka 1801, muda mrefu kabla ya yeyote kuweza kuzithibitisha. Mikanda ya taa za LED za rangi tatu, zilezile zinazopamba matatu za usiku, inauzwa Luthuli Avenue, na kipande kifupi chake katika darasa lililozibwa madirisha kinatosha kuonyesha kwamba chini ya taa nyekundu shati jeupe na shati jekundu hayatofautiani, na sweta ya kijani huonekana karibu nyeusi.

Sasa nirudi kwenye ile pembetatu ya kioo. Isaac Newton alianza majaribio yake ya prizimu katika miaka ya 1665 na 1666, na matokeo yake yalichapishwa London mwaka 1672. Kabla yake watu walijua vyema kwamba kioo cha namna hiyo hutoa rangi. Walichoamini ni kwamba kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi, au kwamba rangi huzaliwa mwanga unapochanganyika na giza. Jaribio la prizimu moja, ambalo ndilo pekee linalochorwa katika vitabu vingi vya shule, haliwezi kuivunja imani hiyo, maana mtu anaweza kuutazama mchoro huo siku nzima na bado akaamini kwamba kioo kimeupaka mwanga rangi. Newton aliivunja kwa prizimu ya pili. Alitoboa tundu kwenye ubao, akaruhusu rangi moja peke yake ipite, akaipitisha katika prizimu nyingine, na rangi ile ikapinda bila kubadilika. Kama kioo kingekuwa ndicho kinachotia rangi, kingeitia tena. Kisha akazikusanya rangi zilizotawanyika na kupata mwanga mweupe. Kuliacha jaribio la pili ni kumpa mtoto hitimisho bila ushahidi wake, na sioni sababu ya kufanya hivyo ilhali linahitaji nusu ukurasa tu.

Na zile rangi saba? Mwanzoni Newton mwenyewe alihesabu tano, nyekundu, manjano, kijani, buluu na urujuani, na baadaye akaongeza rangi ya chungwa na ya nili ili idadi ilingane na noti saba za muziki. Katika spektra yenyewe, yaani ule ukanda wa rangi zilizotawanyika, hakuna mipaka. Urefu wa mawimbi hupungua taratibu kutoka takriban nanomita 750 upande wa nyekundu hadi takriban 380 upande wa urujuani, na mahali pa kugawanya panategemea mtazamaji na lugha yake. Watu wengi hawaoni nili kama rangi inayojitegemea, mimi nikiwa mmojawapo. Hata hivyo, mtoto aliyeangalia spektra kwa makini akaandika kwamba ameona rangi sita atapoteza alama, na aliyekariri saba bila kuangalia chochote atapata zote. Waheshimiwa wa KNEC, hapo tunamwadhibu mtoto kwa kufanya sayansi. Maneno machache katika mwongozo wa usahihishaji, yanayoruhusu jibu la mtahiniwa aliyeeleza alichokiona na jinsi alivyokiona, yangetosha kuondoa dhuluma hii.

Prizimu za kioo zikikosekana, karai la maji lenye kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa ndani yake, likiwekwa mahali ambapo jua la asubuhi linaingia kwa pembeni, hutupa spektra pana ukutani. Mwalimu ahakikishe tu kwamba mng'ao hauelekezwi machoni pa mtoto yeyote. Sahani za CD zilizotupwa nazo hutawanya rangi, ingawa kwa njia nyingine, kwa sababu mistari yake imebanana mno, ikiachana kwa mikromita 1.6.

Ipo pia hoja ya mahali. Vitabu husema kwamba upinde wa mvua huonekana jua linapowaka wakati au baada ya mvua, na wanafunzi wangu huuliza kwa nini mvua ya saa sita mchana, yenye jua kali nyuma yake, haiwaonyeshi upinde. Ni kwa sababu upinde hufanyika kwa pembe ya nyuzi takriban 42 kuzunguka sehemu iliyo kinyume kabisa na jua, kwa hiyo jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 upinde wote huwa chini ya upeo wa macho kwa mtu aliyesimama mahali tambarare. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda haraka na kusimama juu sana. Upinde wetu, basi, ni wa kabla ya saa tatu na nusu asubuhi hivi, au wa kuanzia karibu na saa kumi alasiri. Aliyeko London katika majira ya baridi anaweza kuuona upinde wakati wowote wa mchana, kwa kuwa jua lake halifiki juu. Mtoto wa Umoja au wa Kawangware akipewa maelezo haya anaweza kutabiri, akangoja mvua za Aprili, na kujihakikishia. Vilevile, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba, kati ya saa sita na saa saba mchana, jua hupita juu kabisa ya jiji hili na kijiti kilichosimamishwa wima hukosa kivuli. Tarehe zote mbili shule huwa wazi. Sijaona shughuli hiyo katika kitabu chochote cha darasani nilichokitumia, nami naomba KICD iiingize, hasa kwa kuwa shule za Uingereza haziwezi kuifanya kamwe.

Kuna kifaa kingine ambacho shule maskini zinacho kuliko zile tajiri, nacho ni paa la mabati lenye matundu ya misumari. Katika madarasa ya mabati ya Mukuru na Mathare, jua la mchana hudondosha sakafuni vidoa vya mviringo, na vidoa hivyo ni vya mviringo hata pale tundu lenyewe lilipopasuka vibaya. Sababu ni kwamba kila kidoa ni picha ya jua. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata 1040, alilichunguza jambo hili katika chumba cha giza, na ndiye aliyetoa hoja thabiti kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia jichoni, wala si kwa sababu jicho linatupa miale nje. Jina lake linastahili kusomwa na watoto wetu kabla ya la Newton.

Zaidi ya hapo, kidoa hicho kinapimika. Tundu dogo likiwa mita 3 kutoka sakafuni na jua likiwa juu, kidoa huwa na upana wa karibu sentimita 2.8, yaani sehemu moja kwa 107 ya umbali wake kutoka tunduni. Uwiano huohuo ndio uliopo kati ya upana wa jua na umbali wake kutoka kwetu. Jua liko mbali kwa takriban kilomita 150,000,000. Mtoto akigawanya kwa 107 anapata kilomita 1,400,000 hivi, ambazo hazitofautiani sana na kipimo cha wanaastronomia cha kilomita 1,390,000. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 mwenye rula na anayejua uwiano amelipima jua akiwa ameketi kwenye dawati lake. Kama kuna shughuli nyingine inayounganisha hisabati na sayansi kwa gharama ndogo kuliko hii, ningependa kuelezwa.

Kwa kifupi niwataje pia wale wasioziona rangi kama wenzao. Upofu wa rangi wa kurithi huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa vinasaba vya koni nyekundu na kijani vimo katika kromosomu ya X. Miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya humpata takriban mwanamume 1 kati ya 12; katika Afrika viwango ni vya chini zaidi, lakini wapo, na katika darasa kubwa mwalimu hana budi kumtarajia angalau mmoja mwaka hadi mwaka. Mtoto huyo huonekana mzembe anaposoma ramani, anapopaka majani rangi ya kahawia, au anaposhindwa kusoma karatasi ya kiashiria cha asidi na besi. Kadi za Shinobu Ishihara za kupimia hali hii zilitolewa mwaka 1917. Seti moja kwa kila kata, ikizungushwa shuleni mwanzoni mwa Gredi ya 7, ingetosha.

Mnaweza kusema kwamba mwalimu ana uhuru wa kufanya haya yote bila kuandikiwa. Ana uhuru, ni kweli, lakini hana motisha, kwa sababu kinachopimwa ndicho kinachofundishwa. Katika mpango wa sasa, asilimia 60 ya alama za mwisho za Gredi ya 9 hutoka katika mtihani wa taifa wa KJSEA, asilimia 20 katika tathmini ya taifa ya Gredi ya 6, KPSEA, na asilimia 20 katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Hizo asilimia 20 za mwisho tayari ziko mikononi mwetu. KNEC ikiagiza kwamba kazi moja ya tathmini hizo iwe ya uchunguzi wa mwanga, ambapo mwanafunzi anaeleza alichofanya, alichokiona na kwa nini anadhani kimetokea hivyo, walimu watatafuta makarai na vioo hata kabla ya waraka kufika. CEMASTEA nayo iwaandalie walimu waliosomea Biolojia na Kemia mafunzo mafupi ya vitendo kuhusu mada hii, kila mmoja akishika vifaa mwenyewe, kwani slaidi zilizojaa maneno tumeziona za kutosha.

Lipo jambo moja lenye tarehe. Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa kabisa katika ukanda unaopita karibu na Luxor nchini Misri, ukavuka Saudia na Yemen hadi Somalia, na hapa Kenya tutaliona likimegwa kwa sehemu. Lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, watu wa kaskazini mwa Turkana waliliona likifunikwa lote kwa sekunde chache, na Nairobi ikapata sehemu tu. Siku ya kupatwa, kila kidoa cha jua kilicho chini ya paa la mabati au chini ya mti wenye majani mengi hugeuka kuwa hilali, na mtoto anaweza kulitazama jua likimegwa kwenye karatasi iliyolala sakafuni bila kuinua macho. Asiyefundishwa hivyo ataliangalia jua lenyewe, na retina haina uwezo wa kuhisi maumivu inapoungua.

Kwa hiyo naomba Wizara itoe waraka kwa shule zote kabla ya mwisho wa muhula wa kwanza wa mwaka 2027, wenye maelekezo ya kutazama kupatwa kwa jua kwa tundu na karatasi, saa za kuanza na kumalizika kwa kila kaunti, na onyo dhidi ya miwani ya kawaida ya jua na vipande vya picha za eksirei. Iwapo siku hiyo itaangukia likizoni, watoto wapewe maelekezo hayo wayapeleke nyumbani.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Sayansi Jumuishi,
Nairobi